Utulivu wa Delcie Skaggs

Coal Lick, 9 Machi 1952

Kwa Daktari Lucian Thorne,

Hunijui. Naitwa Orla Skaggs, nafua nguo za wachimba makaa hapa Coal Lick. Mdogo wangu Delcie yuko hospitali ya jimbo, wodi ya nyuma ya wanawake. Mkuu wa hospitali ameniambia utakuja kiangazi kutibu vichwa bila kuvipasua. Nilipomzidishia maswali alinipa anwani yako, akasema, "Muulize mwenyewe, mama. Mimi wagonjwa wangu ni mara mbili ya vitanda vyangu, sina muda."

Basi nakuuliza wewe.

Delcie ana miaka ishirini na minane. Alikuwa mcheshi mpaka kero. Kanisani akiimba, mhubiri alikuwa anamtazama kwa jicho kali kwa sababu alijua wimbo ukiisha atamwigiza mlangoni, na watu watacheka. Aliolewa na Hobart Meeks, wakapata mtoto wa kike, akazaliwa amekufa. Tangu hapo Delcie akawa anasikia mtoto analia ndani ya ukuta. Alichukua shoka akaubomoa ukuta wa jikoni amtoe. Hobart akaenda Ohio kutafuta kazi, akatafuta moja kwa moja, hakurudi.

Nilikaa naye mimi. Hakulala, nami sikulala. Siku moja alinimwagia maji ya kufulia yanayochemka mkononi, akidhani nimemficha mtoto. Alipoona ngozi inavyotoka alilia kuliko mimi, akachana gauni lake akanifunga. Nataka ulijue hilo kabla hujamgusa: aliyenichoma na aliyenifunga ni mtu mmoja.

Huko hospitali wamemtia umeme, wamemviringisha kwenye mashuka ya maji baridi. Nikienda ananishika: "Dada, nitoe. Nitakuwa mwema." Halafu ananiuliza kama nami nimemsikia mtoto.

Itamuuma? Atanijua? Na ukikiondoa hicho kinachosikia mtoto, unajuaje hukuondoa na kingine kilichokaa karibu nacho?

Nisamehe mwandiko, mkono wenyewe ndio ule.

Orla Skaggs

*

Washington, 2 Aprili 1952

Mpendwa Bi. Skaggs,

Nimesoma barua yako mara mbili, jambo ambalo siwafanyii madaktari wenzangu. Maswali yako ni mazuri kuliko yao.

Haitamuuma. Tunampitishia umeme kwanza, analala, hajui lolote. Mimi napita juu ya jicho, chini ya kope, kwa chuma chembamba. Simnyoi nywele, simwachii kovu. Kahawa uliyomimina mwanzoni itakuwa bado ya moto nikimaliza. Nyuma ya paji la uso pana nyuzi zinazopeleka maumivu pale yanapogeuzwa kuwa mateso na wasiwasi. Nakata hizo. Maumivu yanabaki, mateso yanaondoka. Daktari wa Ureno aliyeanzisha kazi hii amepewa tuzo kubwa kuliko zote duniani. Mimi nimeifanya iwe rahisi, iwafikie watu kama nyinyi ambao hakuna daktari bingwa atakayewapandia mlima.

Atakujua. Atapungua makali kidogo, sikufichi. Lakini nani kati yetu hangefaidika akipunguziwa makali?

Kuhusu swali lako la mwisho: wodi ile ya nyuma nimeiona. Nimeona wanawake waliokaa humo tangu wasichana, uchi, wakilamba kuta. Anayeniuliza nitaondoa nini namuuliza kilichobaki ni nini. Nisingemwacha humo binti yangu mwenyewe.

Umechoka, Bi. Skaggs. Uchovu wako naouona katika kila mstari. Na huo pia ni ugonjwa, na huo pia nautibu.

Kuna karatasi ya ridhaa kwa mkuu wa hospitali. Weka sahihi, uniachie mengine.

Wako mwaminifu,
Lucian Thorne

*

Coal Lick, 30 Agosti 1952

Daktari Thorne,

Delcie yuko nyumbani. Nakuandikia amekaa hapa mezani, mbele yangu.

Nadhani hukuniona siku ile, ulikuwa na waandishi wa magazeti. Tulikaa kwenye korido, sisi ndugu, kwenye viti vya kanisa vilivyoletwa, na kina dada wanasukumwa mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa na mikono mitupu mpaka viwikoni na tai ya kipepeo. Ulipotokeza mlangoni Delcie alikutazama juu mpaka chini, akaninong'oneza, "Dada, huyu daktari au fundi redio?" Nilicheka. Nesi akanikata jicho. Wakamwingiza ningali nacheka.

Alitoka macho meusi kama aliyepigana na nyumbu. Kwenye basi watu walinitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyempiga. Weusi umeisha sasa.

Ametulia, Daktari. Siwezi kukueleza. Hatembei huku na huku, hagongi kuta. Siku ya tatu nilijikaza nikamuuliza, "Delcie, mtoto bado analia?" Akanitazama kwa adabu kabisa. Akasema, "Mtoto gani?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikujua nishukuru au nifanye nini. Baadaye nikalala, mara ya kwanza tangu sijui lini, mpaka jua likaingia chumbani, nikaamka nikidhani amekufa. Alikuwa amekaa kitandani amenyoosha mikono magotini. Amejikojolea, wala hajali.

Anakula nikimpa. Nisipomwondolea sahani anaendelea kula mpaka atapike. Bado hajaniita Dada, haniiti kitu chochote. Mkuu wa hospitali anasema ni mapema.

Nakushukuru. Nadhani ndivyo inavyopasa kusema, na ni kweli pia. Mungu akulipe kwa usingizi ule.

Orla Skaggs

*

Njiani, Iowa, 14 Oktoba 1952

Mpendwa Bi. Orla,

Umenipa furaha ambayo hoteli hii imejitahidi sana kuniharibia. "Ametulia": neno hilo moja la dada mfua nguo lina uzito kuliko makaratasi yote ya wakosoaji wangu, na nimelisoma mbele ya madaktari huko Des Moines. Usijali, jina sikulitaja.

Hayo ya kujikojolea na kula yasikutie hofu. Mchukulie kama mtoto aliyezaliwa upya. Mfundishe kuvaa, kuosha uso, kufagia. Akizembea mkaripie, akifanya vizuri mtekenye. Naam, mtekenye! Ndugu wengi huona aibu, lakini husaidia. Na usimkumbushe mambo ya zamani. Mtoto yule alikuwa mwiba. Mwiba umetoka, usiutafute tena kwa kidole.

Mimi nimechoka vizuri, uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Naendesha mchana kutwa, nafika, wananipangia wagonjwa, naondoka. Mke wangu anasema ameolewa na ramani.

Niandikie. Wengi hawaniandikii tena wagonjwa wakishapona. Mimi huwaandikia wote Krismasi.

Lucian Thorne

*

Coal Lick, 17 Januari 1954

Daktari,

Kadi zako mbili zimefika. Nilikuwa nakusudia kujibu, lakini kukusudia kumekuwa ndiyo kazi yangu.

Delcie anafagia. Nimemfundisha. Nisipomwambia aache, anaendelea kufagia palepale. Anajua kukunja mashuka nami, yeye upande ule mimi huku, na hapo tunakwenda vizuri. Sikumtekenya. Nilijaribu mara moja, akasimama akaniacha nimtekenye, kama ng'ombe anayekamuliwa. Nikaacha.

Nataka kukuambia la Hobart. Alikuja kabla ya Krismasi, ana gari, ana kazi ya maana huko Akron. Alisikia mkewe amepona. Alinyoa, akaja na chokoleti.

Akasema, "Delcie, mpenzi, mimi ni Hobart."

"Ndiyo," Delcie akasema.

"Nimekuja kukuchukua. Utapenda?"

"Ndiyo."

Hobart akanigeukia meno yote nje. "Unaona, shemeji? Mlisema nini kumbe?" Akamvalisha koti mwenyewe, akamfunga vifungo. Waliondoka. Nilifagia nyumba mwenyewe, nikafungua madirisha, na sikufichi Daktari, niliimba.

Walirudi kabla ya wiki kwisha. Hobart hakuzima injini. Alimshusha, akasimama ameshika kofia, akaniambia, "Orla, mimi niliishi naye akiwa mwendawazimu. Alinirushia visu, nikampenda. Huyu simwezi. Nikimbusu ananingoja nimalize." Akalia pale uani, mwanamume mzima, na Delcie amesimama kati yetu anakula chokoleti, hata karatasi hakuitoa yote.

Sijui nakuandikia haya kwa nini. Ulisema niandike.

Orla

*

Palo Alto, California, 8 Novemba 1954

Mpendwa Bi. Orla,

Utaona anwani mpya. Nimehamia magharibi, wanakojali hewa safi na wanakonijali kidogo pia.

Habari ya mumewe imenisikitisha, ingawa haikunishangaza. Wanaume hutaka mgonjwa apone na abaki vilevile. Delcie yuko nje ya hospitali, anafagia, anakunja mashuka. Katika hesabu yangu huo ni ushindi.

Nina ombi, na si tabia yangu kuomba. Kuna vidonge vipya. Umesikia bila shaka. Vijana waliotoka chuo juzi wanavigawa kama peremende, na wodi zimetulia, na sasa wananitazama mimi kama mtu aliyekuja karamuni na shoka. Mmoja aliniuliza mbele za watu, "Bwana Thorne, bado unatumia kile chuma cha kuvunjia barafu?" Wakacheka. Hao niliowafundisha kushika kalamu!

Bodi ya hospitali moja hapa inataka kuamua kama niendelee kufanya kazi kwao. Nakusanya barua za ndugu. Naomba uandike yale yale uliyoniandikia mwaka ule, kwa maneno yako. Kama una picha yake, afadhali zaidi, awe amevaa vizuri.

Nimekuwa nikikumbuka maswali yako. Mwaka huu sijaulizwa swali hata moja la kunisaidia kufikiri, yote yameulizwa ya kunidhalilisha.

Wako,
Lucian Thorne

*

Coal Lick, 20 Februari 1955

Daktari Thorne,

Barua ya bodi nimeifunga humu. Nimeandika kwamba hapigi tena kelele, yuko nyumbani, na kwamba umeuliza hali yake kila mwaka wakati wengine hata jina wamelisahau. Yote ni kweli. Neno "amepona" sikulitia. Nililiandika, nikalitazama, nikaanza karatasi nyingine.

Lakini nina habari nzuri, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, maana hapa hakuna wa kuelewa. Delcie amelia!

Ilikuwa hivi. Lori la makaa lilimgonga mbwa wa jirani yetu Ebbert, pale pale mbele ya baraza yetu, na mbwa hakufa mara moja. Delcie alikuwa anafagia ngazi. Fagio likasimama. Halafu akashuka, akakaa barabarani kwenye matope, akamweka mbwa kichwa mapajani, akaanza kulia. Si machozi tu, sauti, Daktari, sauti yake ile ya kuimba ambayo sikuisikia tangu kabla ya siku ya korido. Ebbert alitaka kumwondoa, Delcie akamsukuma. Akamtukana! Tusi zito la wachimba makaa, sijui alilihifadhi wapi. Ebbert anasema, "Orla, dada yako kaniita nini?" Mimi nacheka na kulia, nikamwambia, "Kakuita hivyo hivyo ulivyosikia, na likikupendeza atarudia."

Usiku alikataa chakula. Amekataa! Kwa muda wa siku tatu alikuwa anatembeatembea. Leo amenyamaza tena, lakini nimeona yumo. Yumo ndani mahali, Daktari. Niambie nifanye nini ili atoke.

Orla

*

Palo Alto, 3 Machi 1955

Mpendwa Bi. Orla,

Asante kwa barua ya bodi.

Najibu haraka kwa sababu uliyoyaeleza si habari nzuri. Kilio kisichozuilika, kumsukuma jirani, matusi, kukataa chakula, kutembeatembea: ni dalili za kurudiwa na ugonjwa. Ungekuwa daktari ungezitambua kabla ya kufika mwisho wa sentensi yako. Wewe ni dada, ndiyo maana umeshangilia.

Nimeshaiona hali hii. Mara ya kwanza mtu hukata kwa tahadhari. Nyuzi chache hubaki, nazo hushika kazi ya zilizoondoka. Dawa yake ni kurudia, ndani zaidi kidogo. Nitakuwa Ohio tarehe za katikati ya Mei, katika kliniki ya rafiki yangu. Mlete. Sitadai malipo, na nauli yenu nitaituma. Ni wajibu wangu kwake, na nikuambie ukweli, itanifaa pia kuonyesha kwamba wanaorudiwa wanaweza kusaidiwa tena.

Usingoje apate shoka.

Lucian Thorne

*

Coal Lick, 12 Machi 1955

Daktari Thorne,

Hapana.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, lakini Delcie amekaa hapa mezani, na naona afadhali tukujibu vizuri.

Mbwa alikufa, mtu akalia. Mimi nimefua nguo za wanaume wawili waliofukiwa mgodini mwaka huu, nguo zilizoletwa kabla, na wake zao hawakuja kuzichukua, na nililia juu ya beseni mpaka sabuni ikaharibika. Njoo na mimi unikate.

Unaniambia mimi ni dada, ndiyo maana nimeshangilia. Ni kweli mimi ni dada. Wewe umekaa naye muda wa kikombe cha kahawa, na baada ya hapo umekuwa unaniuliza mimi yukoje. Sasa nimekuambia yukoje, na hukupenda, unataka kumrudisha awe vile unavyopenda. Nilipokuandikia ametulia, Daktari, nilikuwa nakuambia nina hofu. Wewe ukaenda kulisoma Des Moines.

Tumesoma gazeti pia. Yule mama wa huko kwenu aliyekufia mkononi mwezi wa kwanza. Katika barua yako hukumtaja, labda ilikuwa ndefu tayari.

Sina hasira kama unavyodhani. Hasira inataka nguvu. Nauli usitume. Kadi ukitaka tuma, Delcie anapenda zile picha za farasi kwenye theluji.

Orla Skaggs

*

Palo Alto, 26 Agosti 1961

Bi. Skaggs,

Kadi sita nimetuma, na hukujibu hata moja, nami sikustahili kujibiwa. Uliniandikia barua ngumu. Niliiweka mahali nisipoiona, kisha nikawa naijua kwa moyo.

Sasa hakuna hospitali inayonipa chumba. Sitakuchosha na habari zake. Mke wangu alifariki mwaka jana. Nimenunua gari kubwa lenye kitanda nyuma, nazunguka nchi nzima kuwatembelea wagonjwa wangu wa zamani, nawapiga picha, naandika walivyo. Nataka kitabu kimoja kitakachosema mwisho wa yote: hawa hapa, watazameni. Watoto wangu wanasema ni wazimu. Nimewaambia ugonjwa huo naujua tiba yake. Hawakucheka.

Nitapita kwenu mwezi wa kumi. Naomba kumwona Delcie. Sitakuwa na kifaa chochote isipokuwa kamera.

Lucian Thorne

*

Coal Lick, 6 Septemba 1961

Daktari,

Njoo mchana. Daraja la chini limevunjika, pitia kwa Ebbert. Utakula nasi.

O. Skaggs

*

Njiani, Tennessee, 29 Oktoba 1961

Mpendwa Bi. Orla,

Asante kwa ukarimu. Nasikitika niliondoka ghafla. Nilitaka kuvuka milima kabla ya giza, macho yangu si yale.

Picha zimetoka vizuri. Ile ya barazani, amekaa mikono magotini, ndiyo nitakayotumia. Nimeandika maelezo haya, naomba ruhusa yako:

"D., umri miaka thelathini na saba. Alifanyiwa upasuaji 1952 kwa sababu ya wazimu uliofuata uzazi. Tangu hapo hajarudi hospitali. Ni mtulivu, msafi, humsaidia dada yake kazi za nyumbani. Alipoulizwa na mwandishi kama ana furaha alijibu bila kusita: Ndiyo."

Ndivyo ilivyokuwa, wewe ni shahidi. Yale uliyofanya baadaye sikuyaweka. Samahani, hayakuwa ya haki kwa mgonjwa.

Lucian Thorne

*

Coal Lick, 9 Novemba 1961

Daktari Thorne,

Nimesoma maelezo yako. Nimemsomea na Delcie, kwa sababu yanamhusu. Amesema ndiyo.

Niliyofanya baadaye nayaandika mimi, kama wewe huwezi. Ulimuuliza, "Delcie, una furaha?" Akasema ndiyo. Ukaandika. Nikakuomba unipe nafasi. Nikamuuliza, "Delcie, una huzuni?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza, "Huyu mzee ni baba yetu?" Ndiyo. "Wewe ni farasi, Delcie?" Akanitazama kwa adabu ile ile, akasema, "Ndiyo." Ulifunika kalamu yako. Mimi nilikuwa nimechemsha maharage tangu asubuhi, nikayapakua, na mkate wa mahindi, nikakuwekea. Ukakaa unatazama sahani. Ukaniambia, "Wangekuwa watatu tu kama huyu, Bi. Orla, nisingeweza kuishi. Lazima wawe wachache." Sikuona kama ulikuwa unaongea na mimi. Ukasimama, ukachukua kofia, gari likaondoka.

Hukuona haki iko wapi katika swali la farasi. Sikumuuliza yeye, Daktari. Yeye nilikwisha kumuuliza yote miaka mingi, jikoni, kitandani. Nilikuuliza wewe.

Sasa nikuambie usichokijua, maana ulikuwa umeshafika kwa Ebbert.

Nilikuwa naondoa vyombo. Delcie akasema, "Hakula."

Nikageuka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilisimama na bakuli mkononi. Akachukua sahani yako, akaweka kipande cha mkate juu ya maharage ili yasimwagike, akatoka. Nilidhani anawapelekea kuku. Nilipofika barazani alikuwa ameshaingia barabarani, anatembea kufuata lilikoelekea gari, sahani ameishika kwa mikono miwili mbele yake kama anavyoshika mashuka. Nikaita, "Delcie, ameshaondoka!" Hakusema ndiyo. Aliendelea.

Miguu yangu si ya kukimbia tena. Nilimfikia pale barabara inapoanza kupanda, kwa sababu alisimama. Alikuwa anatazama juu, vumbi lako lilikuwa bado halijatua. Uso wake sijui nikueleze vipi. Si kilio, si lolote ambalo ungeweza kupiga picha. Alikuwa na wasiwasi. Wewe ulisema ndiyo nyuzi ulizozikata, hizo za wasiwasi. Basi alikuwa na wasiwasi kwamba wewe, mzee, unapanda milima na njaa.

Nilimwambia mtu mzima hafi kwa kukosa mlo mmoja. Akanipa sahani. Tulikaa kando ya barabara, tukala, yalikuwa yamepoa na mchanga kidogo. Aliuacha mkate mpaka mwisho, akaugawa, akanipa nusu kubwa. Nilingoja aseme lingine. Hakusema, na hajasema tangu siku hiyo, ila ndiyo akiulizwa.

Maelezo yako siyaruhusu. Picha nirudishie, nina nafasi ukutani. Kama utaandika kitabu, andika kwamba alikufuata na chakula. Na kama hilo haliingii kwenye kitabu chako, basi mtoe humo kabisa, umwache hapa kwangu.

Theluji imeanza huku juu. Endesha polepole.

Orla Skaggs